Daktari, Niko Kwenye Kreni

Alikuwa amebakiza vidato viwili tu afike kwenye kibanda cha kreni pale maumivu yalipomshika tena, chini ya kitovu, kama mtu ameweka kaa la moto pale akalisahau. Akasimama. Akapitisha mkono katikati ya vyuma, akaibana ngazi kwa kiwiko, akafumba macho. Chini yake kulikuwa na mita sitini za hewa tupu, na chini kabisa watu waliovaa kofia za njano walikuwa wakikunja maturubai, wadogo kama vifungo vya shati. Alihesabu hadi kumi na nne. Maumivu yakalegea. Akamalizia vidato vyake, akaingia, akafunga mlango, na kwa kuwa hapakuwa na wa kumsikia akasema kwa sauti:

"Kesho kutwa, sawa. Mtondo, sawa. Lakini si leo wala kesho."

Ilikuwa Ijumaa. Kesho yake barabara kubwa iliyopita katikati ya eneo la ujenzi ingefungwa kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni, na ndani ya saa hizo saba yeye angenyanyua boriti ya chuma ya tani nane, aivushe juu ya barabara na kuilaza kati ya majengo mawili ya chuo cha ufundi, iwe uti wa mgongo wa daraja la kuvukia wanafunzi. Kibali cha kufunga barabara kilikuwa kimesotewa kwa miezi minne. Kingepotea hicho, mwaka ungekwisha hawajapata kingine. Kwa wiki tatu alikuwa akiota boriti ile. Akiosha vyombo, mikono yake ilikuwa ikiigeuza boriti; akisikiliza habari, macho yake yalikuwa yakipima nafasi ya kuipitisha. Hakuwahi kukabidhiwa mzigo wa namna ile, na hakuwahi kutamani kitu kwa uchu wa namna ile tangu azaliwe.

Pale kazini walimwita Mwewe. Jina lenyewe lilikuwa na kisa. Miaka mitatu nyuma, siku yake ya tatu kwenye kile kiti ambacho hakuna mwanamke mwingine katika kampuni aliyewahi kukikalia, alishuka saa nne asubuhi kwenda chooni. Kushuka na kupanda kulimchukua nusu saa, na kwa nusu saa hiyo zege ilisubiri, mafundi walisubiri, magari yalisubiri. Alipokuwa katikati ya ngazi akirudi, redio aliyoifunga kiunoni ikakohoa, na sauti ambayo hadi leo hajui ilikuwa ya nani ikasema, "Jamani, tuvumilie. Mwewe alishuka kutaga." Eneo zima likaangua kicheko. Jina likaganda. Naye tangu siku hiyo hakushuka tena kabla ya kazi kwisha. Aliacha kunywa maji asubuhi. Mchana alijiruhusu mafunda mawili, ya kuteremshia chakula tu. Mwili ulilalamika wiki za kwanza, kisha ukanyamaza, naye akadhani umeelewa.

Sasa mwili ulikuwa umerudi na madai yake yote kwa pamoja. Tangu jana jioni kila alipokwenda haja ndogo alitoka chooni amekunja ngumi. Matone machache, moto mwingi, na kabla hajafunga mlango alitaka kurudi tena.

Asubuhi ile walipandisha zege. Aliyemwongoza kwa redio kutoka chini ni mtoa ishara, mwanamume wa miaka hamsini na kitu waliyemwita Filimbi, ingawa filimbi yenyewe hakuipuliza ila siku ya hatari. Sauti yake ilikuwa ya upole, yenye kurefusha maneno: "Shushaaa... taratiiibu... hapo hapo, shikilia." Kwa miaka mitatu Mwewe alikuwa akiweka vitu vizito mahali asipopaona kwa kuiamini sauti ile.

"Mwewe," Filimbi akasema baada ya pipa la tano, "leo mkono wako mzito."

"Upepo."

"Upepo gani? Bendera imelala kama nguo iliyoanikwa."

Akapandisha pipa la sita.

Saa sita na nusu kengele ya chakula ikalia. Aliisogeza ndoano mbali na watu, akazima mitambo, akabaki na simu mkononi. Dada yake mkubwa aliwahi kumweleza habari za kliniki ya mtandaoni. Alipata jicho jekundu, akatibiwa akiwa amekaa ofisini kwake, akatumiwa cheti cha dawa kwa simu. Mwewe alimcheka siku ile. Daktari asiyekugusa atakujuaje? Lakini zahanati ya mtaani kwao kila siku ilikuwa ikifungwa kabla yeye hajamaliza kushuka ngazi, na mwaka jana, ugonjwa kama huu ulipomshika, alikuwa amemeza vidonge vilivyobaki vya jirani akaishia kuvimba midomo na kutokwa vipele mwili mzima. Kosa hilo hakutaka kulirudia.

Ukurasa ukafunguka. *Eleza tatizo lako.* Akaandika: Mkojo unachoma. Akafuta. Akaandika: Maumivu kidogo tumboni. Akafuta na hiyo. Huko chini kofia za njano zilikuwa zimekusanyika kivulini, na ingawa hakuna jicho la binadamu ambalo lingeweza kuisoma simu yake kutoka pale, aliigeuzia upande wa pili. Akaandika tena ile ya kwanza, akabonyeza kabla hajabadili mawazo.

*Kuna watu wawili mbele yako.*

Alikuwa amejiandaa kukutana na mama wa makamo, mwenye sauti ya kubembeleza. Kioo kilipowaka akamwona kijana mwenye miwani, kola imenyooshwa vizuri, na nyuma yake shati jingine limetundikwa mlangoni. Kidole cha Mwewe kikaenda chenyewe kwenye kitufe cha kukata.

"Habari za mchana, dada. Mimi ni daktari wa zamu. Unanisikia vizuri?"

"Nakusikia."

Kijana akainama karibu na kioo, akakunja macho. "Samahani, kabla hatujaanza. Uko ndani ya ndege?"

"Hapana."

"Maana nyuma yako naona mawingu tu."

"Daktari, niko kwenye kreni."

"Kreni... ile ya kujengea maghorofa?"

"Ile ile."

"Inafanya kazi saa hizi?"

"Imezimwa. Watu wanakula. Kama ningekuwa na mzigo kwenye ndoano nisingegusa simu hata kama nyumba inaungua."

"Afadhali," daktari akasema, akashusha pumzi. "Mimi hata kiti cha kupandia nibadilishe taa kinanitoa jasho."

Mwewe akacheka, na kile kicheko kikamchoma papo hapo, akajishika tumbo.

"Nimeuona huo uso," daktari akasema, na sauti yake ikawa nyingine, ya kazi. "Tuanzie hapo. Unapokojoa inachoma mwanzoni, mwishoni, au wakati wote?"

Alilitamka neno lile kama mtu anayesema mlango, au meza. Hakulizungukia. Mwewe akajikuta anajibu naye hivyo hivyo, wazi, swali kwa jibu. Ilianza jana. Damu hakuiona. Homa hakuwa nayo. Kipimajoto alikitumia alfajiri. Hakutapika. Mimba hana, ana uhakika. Daktari akamwomba ajigonge kwa ngumi polepole mgongoni, chini ya mbavu, kulia kisha kushoto. Hapakuuma. Mwewe akamsimulia habari za vidonge vya jirani na vipele vyake, na daktari akataka jina la dawa ile, akasubiri hadi alipolipata kwenye picha aliyokuwa ameihifadhi.

"Hiyo familia ya dawa usiiguse tena maishani, na kila anayekutibu mwambie," akasema. "Sasa, siku za kazi unakwenda haja ndogo mara ngapi?"

"Mara mbili. Alfajiri na jioni."

"Na katikati?"

"Katikati niko huku juu."

"Kwa saa ngapi?"

"Kumi. Siku nyingine kumi na moja."

"Kwa muda gani umeishi hivyo?"

"Miaka mitatu."

Daktari akaacha kuandika. Akamtazama, na kwa mara ya kwanza hakuonekana kijana. "Nani aliamua iwe hivyo?"

Mwewe akafungua kinywa aseme kazi. Akataka kusema kampuni, ngazi, kile kicheko cha redioni. Alipolitafuta neno lenyewe akakuta hakuna aliyewahi kumwambia asishuke.

"Mimi," akasema.

Daktari akatikisa kichwa taratibu, bila kumlaumu. Akamweleza kwamba haya ni maambukizi ya kibofu, ya kawaida, na kwa mwanamke mwenye afya na dalili kama hizi dawa inaweza kuanza leo bila kusubiri vipimo. Kidonge kimoja asubuhi, kimoja jioni, siku tano, baada ya chakula. Mkojo unaweza kubadilika rangi ukawa kama chai ya rangi, asishtuke. "Siku mbili zikipita bila nafuu, nataka upimwe. Na ukipata homa, baridi ya kutetemeka, maumivu ya mgongoni hapo ulipojigonga, au ukianza kutapika, usinipigie mimi. Nenda hospitali moja kwa moja. Tumeelewana?"

"Tumeelewana. Daktari, kesho nina mzigo mkubwa."

"Mkubwa kiasi gani?"

Akamweleza. Alitaka kueleza kwa kifupi, lakini maneno yakamponyoka: boriti, barabara, majengo mawili, nafasi ya sentimita nne kila upande. Mikono yake ilikuwa hewani ikiichora. Daktari alisikiliza mdomo wazi kama mtoto anayesimuliwa.

"Dawa yenyewe kwa kawaida hailevi," akasema mwishowe. "Lakini mimi nakuona kwenye simu tu, siwezi kukuandikia kwamba kesho utafaa kupanda. Ukiamka na kizunguzungu au maumivu ya kukuvuruga akili, hupandi. Na mkuu wako lazima ajue leo. Si kesho ukiwa juu. Leo. Halafu unywe maji, dada. Maji mengi."

"Nikinywa maji itabidi nishuke."

"Ndiyo," daktari akasema. "Hiyo ndiyo kazi ya maji."

Ujumbe ukaingia dakika ile ile: namba ndefu ya cheti na jina la duka la dawa lililokuwa kona ya pili kutoka lango la ujenzi. Akamwandikia Filimbi: *Kaka, naomba unichukulie dawa kwa namba hii. Usiniulize.* Jibu likarudi: *Sikuulizi.* Akamwona akitoka langoni, fulana yake ya rangi ya chungwa ikikata barabara bila haraka.

Baada ya muda simu ikaita. Mama mmoja mwenye sauti kavu: "Ni duka la dawa hapa. Amekuja mzee na namba yako. Nimpe?"

"Mpe, mama."

"Naona hapa umeandikiwa mzio. Ni kweli?"

"Kweli kabisa."

"Haya. Hii si ya familia ile, nimeikagua. Ule kwanza ndipo umeze. Nimeitia kwenye bahasha nikaibandika gundi. Mzee hataona kitu." Kisha akauliza: "Wewe ndiye huyo wa kule juu? Mimi hukutazama kila siku nikifungua duka."

Mwewe akageuza macho kulitafuta paa la duka lile. Miaka yote aliamini kwamba anayemtazama anasubiri akosee.

Alikuwa na kamba ndefu na mfuko wa turubai wa kupandishia chakula. Aliuteremsha, akasubiri, akahisi mvuto mdogo, akaanza kuvuta. Ulikuwa mzito kuliko bahasha. Ndani alikuta vidonge, mkate, mayai mawili ya kuchemsha, na chupa ya maji ya lita moja na nusu.

Redio ikakohoa. "Mzigo umepanda?" Filimbi akauliza, kama anaulizia pipa la zege.

"Umefika salama."

Akala. Akameza kidonge. Kisha akaishika ile chupa, akaitazama kwa muda mrefu kuliko alivyovitazama vidonge. Akapiga moyo konde, akanywa robo yake, akapumua, akanywa nusu. Maji yalikuwa ya baridi. Alisahau kwamba maji yana utamu.

Saa tisa kasorobo mwili ukaita. Ungemwita jana angebana meno. Alimaliza kushusha nondo zilizokuwa kwenye ndoano, akahakikisha zimekaa, akabonyeza kitufe cha redio ambayo watu arobaini huisikiliza.

"Filimbi, naomba nusu saa. Nashuka."

Sauti nzito ya msimamizi wa ujenzi ikaingia kati. "Mwewe, kuna nini? Kreni ina hitilafu?"

"Kreni nzima, mkuu. Naenda chooni."

Hata mashine ya kuchanganya zege ilionekana kunyamaza. Kisha sauti fulani ikaanza, yenye kicheko ndani yake, "Jamani, Mwewe ame..." na hapo hapo filimbi ikalia. Filimbi ya kweli, kali, ndefu, ambayo haikuwa imelia tangu siku ukuta wa jukwaa ulipopasuka. Watu walitupa vitu wakatazama juu.

"Masafa haya ni ya kazi," Filimbi akasema. Akazima.

Alipofika chini na kumaliza haja yake, msimamizi alikuwa akimsubiri nje, mikono nyuma. Alikuwa mtu mfupi, mpana, ambaye kabla ya kuwa mkuu alikaa kwenye kibanda cha kreni miaka ishirini. Mwewe akamweleza yote, amesimama wima: maumivu, daktari, dawa, masharti ya kesho. Hakushusha sauti. Mkuu alisikiliza akiangalia viatu vyake.

"Basi kesho nitapanda mwenyewe," akasema.

Lilikuwa jambo ambalo Mwewe alilitegemea, na bado lilimwingia kama maji ya barafu. "Nikiamka mgonjwa, panda. Nitakufungia mkanda kwa mkono wangu. Lakini nikiamka mzima, mkuu, ile boriti ni yangu. Umeniona nikiipanga wiki tatu."

"Na ukibanwa katikati?"

"Wewe miaka ishirini ulikuwa unabanwa. Ulikuwa unashuka?"

Msimamizi akajikuna shingo. Akatazama kushoto, akatazama kulia. "Nilikuwa na chupa."

"Chupa hata mimi ninayo," Mwewe akasema. "Kilichopungua si chupa."

Ilichukua muda kumfikia. Ilipomfikia, mabega yake yakaanza kutikisika. Alijaribu kujizuia, akashindwa, akacheka hadi akavua kofia kujipepea.

"Sasa unataka nini?" akauliza, akijifuta macho.

"Pale ghorofa ya saba mnara wa kreni umefungwa kwenye jengo na kuna kijia. Kutoka kibandani hadi pale, kwenda na kurudi, ni dakika kumi. Kuna choo cha plastiki kimekaa nyuma ya stoo mwezi mzima, hakina mtu. Kiwekwe pale."

"Kile kibanda kizima? Nani atakipandisha ghorofa ya saba?"

"Mkuu," akasema, "mimi nina kreni."

Jioni ile alimweleza mama yake, aliyekuwa akiishi naye. Mama alisikiliza akimmenyea chungwa. "Mtu mzima," akasema, "unabana mkojo kama mtoto anayeogopa wenzake watacheza bila yeye." Akampa chungwa. "Kalale." Akalala kabla hata giza halijakaza.

Alfajiri akaamka, akabaki kitandani akijisikiliza, kama anavyoisikiliza kreni kabla ya kuiwasha. Moto ulikuwa umebaki kama joto la jiko lililozimwa. Akapima: homa hakuna. Akasimama, akageuka haraka mara mbili: chumba hakikuzunguka. Chooni akaona rangi ya chai ya rangi, akacheka peke yake. Saa kumi na mbili na nusu msimamizi alimtazama machoni, akamwuliza maswali yote, akauliza mengine tena kwa kuyapindua. Mwisho akasema, "Nitakaa pale ghorofa ya saba na mkanda wangu. Ukisema neno moja, napanda nachukua kiti."

"Sawa, mkuu."

"Haya. Kaanze na mzigo wako mdogo."

Saa moja na nusu kile kibanda cha plastiki cha bluu kilikuwa kimefungwa mikanda, mlango wake umekazwa kwa waya. Watu wote walikuwa wametoka kutazama.

"Mwewe," sauti ya Filimbi ikasema, rasmi kama ya mtu anayesoma taarifa ya habari, "mzigo wa kwanza. Choo, kimoja. Hali yake: kitupu, namshukuru Mungu. Pandishaaa."

Kikanyanyuka. Kikapita usawa wa ghorofa ya kwanza, ya pili, kikizunguka polepole kama mtu anayejionyesha nguo mpya, na vicheko vikapanda nacho, makofi, miluzi, kofia za njano zikirushwa juu. Alikuwa anawasikia kupitia kioo. Ilikuwa ni kelele ile ile ya miaka mitatu nyuma, watu wale wale, ila safari hii yeye ndiye aliyeishika kamba. Akacheka nao hadi machozi yakamtoka. Alikiweka ghorofa ya saba kwa upole ambao hata glasi isingelia.

Kisha kazi yenyewe. Saa tatu askari wa barabarani walivuta utepe. Saa nne boriti ilikuwa imefungwa. Na saa nne hiyo hiyo bendera, iliyolala siku nzima ya jana, ikaamka. Kipima upepo kibandani kikapanda, kikapita mstari mwekundu. Msimamizi akatamka neno ambalo hakuna aliyetaka kulisikia: "Subirini."

Wakasubiri. Saa tano ikapita, saa sita. Watu walianza kujaa nyuma ya utepe. Askari walikuwa wakitazama saa zao. Mwewe alikunywa maji. Akashuka ghorofa ya saba, ambako msimamizi alimpa mgongo kwa heshima na kujifanya anakagua nondo, akapanda. Saa saba akashuka tena. Angekuwa mtu yule wa juzi, kwa wakati huu asingekuwa anafikiria chochote duniani ila kibofu chake. Sasa alikuwa na nafasi kubwa kichwani, na nafasi yote aliijaza boriti.

Saa nane kasoro robo sindano ikarudi nyuma ya mstari. Ikakaa pale. Ikakaa dakika kumi.

"Opereta," msimamizi akasema. Hakumwita Mwewe. "Uko tayari?"

"Niko tayari."

Waya ukakaza. Aliuhisi uzito ukiingia kwenye mnara, ukipita kwenye kiti, ukimkalia mapajani. Boriti ikaachana na ardhi kwa upana wa kiganja, akaishikilia hapo mafundi wakague vifungo. "Salama. Pandishaaa." Ikapanda. Wanaume wanne walishika kamba za kuiongozea, wakitembea nayo kama watu wanaompeleka ng'ombe mkubwa asiye na haraka. Ikafika juu ya majengo. Akaanza kuzungusha, polepole, barabara tupu ikiteleza chini, nyuso zote zimegeuka juu kama sahani.

Katikati ya barabara upepo ukarudi. Pigo moja tu. Ncha ya boriti ikasogea, mtu mmoja akaburuzwa hatua mbili na kamba yake, na umati ukavuta pumzi kwa pamoja. Mkono wa mgeni ungebana breki. Mkono wake haukufanya hivyo. Uliufuata mzigo, ukaupelekea kreni pale ulipokuwa unakwenda, hadi boriti ikakuta waya umesimama wima juu yake na haina tena pa kubembea. Ikatulia.

"Mwanangu," Filimbi akasema kwa sauti ndogo kwenye masafa ya kazi.

"Niongoze, kaka. Bado tuko njiani."

"Haya. Shushaaa. Taratiiibu. Sentimita tano upande wa jua. Tatu. Moja. Shikilia hapo... shusha nywele moja... Simama!"

Chuma kikagusa chuma. Hakusikia mlio; aliusikia mwili wa kreni ukipumua uzito ulipoondoka. Kutoka kila upande fundi mmoja akachomeka bolti, na bolti zikaingia. Mlipuko wa sauti uliopanda kutoka barabarani ulitikisa vioo. Alimwona msimamizi ghorofa ya saba akirukaruka na mkanda wake wote, mtu mzima na kitambi chake. Alimwona Filimbi amekaa chini katikati ya barabara, mikono kichwani. Yeye mwenyewe alikuwa anapiga kelele, wala hakujua alianza lini.

Saa kumi na robo walifungua barabara. Akainua ndoano, akazima mitambo, akaachia breki ya kuzungushia, kama inavyotakiwa kila kreni inapoachwa peke yake, ili mkono wake mrefu ufuate upepo badala ya kushindana nao. Kila siku, akishaiachia, aliwahi ngazi mbio mbio. Leo alikaa tu. Kibanda kikaanza kusogea chenyewe, kimya, bila amri ya mtu.

Simu ikaita. Mama yake. Nyuma ya sauti yake kulikuwa na honi na watu.

"Nipo hapa barabarani na jirani. Mbona hilo dude lenu bado linazunguka? Si mmemaliza?"

"Tumemaliza, mama. Nimeliachia."

"Nani analiendesha?"

"Hakuna. Upepo."

"Na wewe umo humo humo ndani?"

"Nimo."

"Haya," akasema. "Unaona nini huko?"

Akatazama. Mapaa yalikuwa yakipita, na nguo kwenye kamba, na uwanja ambao hakujua kama upo, kisha kilima, na nyuma ya kilima mwanga fulani mrefu ulioanza tu kuingia pembeni mwa kioo.

"Ngoja kidogo, mama," akasema. "Bado linageuka."